Sheria Iliyofungia Mandazi

Benchi la Zuleika liko chini ya kilima cha Kibuli, pale njia inapokunja kupanda kwenda msikitini. Hujui? Fuata harufu ya tangawizi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele yake sigiri, juu ya sigiri birika la kahawa, na ubavuni kuna cherehani ya Khaemba, fundi wa sare za shule, ambaye hakai benchini lakini hakuna neno la benchini linalompita. Wenye benchi ni watatu. Kuna Nashon, Mkenya mwenzake Khaemba, anayeitwa Wakili kwa sababu alipiga chapa hati za mawakili kule Nakasero miaka sita, akatoka huko na suti moja na maneno mazito mdomoni. Kuna Taban, Mnubi wa papo hapo Kibuli, muuza udi na mizizi, ndiye Daktari. Wagonjwa aliowaponya mtaambiwa ni wengi, ila hakuna aliyewahi kukutana nao. Na kuna Odur, askari magereza mstaafu wa Luzira, jina lake Kufuli, ambaye huongea kidogo na kwa Kiswahili cha kambini. Sigiri ikishashika moto, hakuna serikali duniani ambayo watu hawa hawaiendeshi.

Jumanne hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, ilipita boda boda yenye kipaza sauti. Mwenyekiti wa mtaa anawatangazia wakazi wote, kuanzia saa nne kutakuwa na ukaguzi wa vyoo na mifereji. Kila ua uachwe wazi. Bwana afya ataongozana na askari polisi.

Mguu wa Khaemba ukasimama juu ya pedali. Sindano ilikuwa katikati ya pindo la sketi, ikabaki humo humo.

— Ukaguzi wa vyoo na askari wa nini? Daktari akauliza. Choo kikiwa kichafu kinafungwa pingu?

— Kuna watu hutukana bwana afya, alisema Wakili. Askari yupo kwa ajili ya heshima ya ofisi.

— Mwaka jana walimtukana kweli, Zuleika akasema. Banange, hata mimi nilimtukana.

Wakacheka. Khaemba hakucheka. Aliinua kichwa akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye geti la mabati la ua anaopanga, vyumba sita mstari mmoja, chake mlango wa nne. Nyuma kabisa kuna choo. Kando ya choo kuna banda lake la kuku. Na nyuma ya banda la kuku, ndani ya jerikeni la manjano lililokatwa shingo, kulikuwa na mti mmoja wa bangi ulioshiba, wenye afya, uliomfikia kifuani.

Mbegu aliipata. Msiulize wapi.

— Wakili, alisema, akijifanya anatafuta uzi. Ile sheria uliyotusomea hapa siku ile.

— Ipi? Nimewasomea nyingi.

— Ile ya mtu kupanda nyumbani kwake.

— Aaa, ile ya bangi! Wakili akakaa sawa, akaweka kikombe chini, maana hawezi kutaja sheria na kikombe mkononi. "Mtu mzima, ndani ya makazi yake binafsi, kwa matumizi yake mwenyewe, hatakuwa na kosa." Neno kwa neno. Si niliwaambia? Dunia imefunguka macho.

Khaemba akashusha pumzi. Maneno yalikuwa yale yale. Aliyashika siku ile kama mtu anavyoshika namba ya simu, akaenda nayo nyumbani, akamwambia mkewe Nabangala, mama, sheria imepita.

— Kwa hiyo ilipita, alisema.

— Ilipita vipi?

— Si ilipita? Inatumika?

— Khaemba bana, sheria si gari ya abiria. Sheria haipiti hivi hivi. Inasomwa, inajadiliwa, inatiwa sahihi, inachapishwa, ndipo inaanza kutumika.

— Na hiyo ilikuwa imefika wapi?

Wakili akakuna kidevu.

— Ilikuwa imefika mbali, alisema.

Mbali! Mbali si jibu la kumpa mtu mwenye jerikeni nyuma ya banda. Khaemba akaondoa kitambaa kwenye sindano, akakikunja, akainuka nusu. Daktari akamshika mkono wa shati.

— Ngoja, fundi, ngoja nikwambie kitu ambacho Wakili hawezi kukwambia. Unajua kwa nini wanataka kila mtu apande? Wallahi, si kwa kutupenda. Wazungu wameishiwa dawa ya macho. Dawa yote ya macho duniani inatoka kwenye jani lile. Sasa wanatuacha tupande, kila mtu kwake, miti mitatu minne, halafu siku moja wanakuja kuvuna kwetu bure.

— Nani kakwambia? Zuleika akauliza.

— Mtu anayefanya kazi hospitali.

— Kazi gani?

— Mlinzi. Lakini mlinzi anasikia.

— Hapana, hapana, alisema Wakili. Hoja si macho. Hoja ni takwimu. Serikali inataka kujua nani anavuta. Ukipanda, lazima ujiandikishe. Ukijiandikisha, umeshakiri. Kisheria hiyo inaitwa kukiri bila shuruti.

— Sasa ni halali au ni mtego? Khaemba akauliza, na sauti yake ilipanda kuliko alivyotaka.

— Inaweza kuwa vyote viwili.

— Na wanaiona kutoka juu, Daktari akaongeza. Jani lile linang'aa. Kuna mtambo unapita angani, ukiona jani linang'aa, unapiga picha na mlango wako.

— Hata likiwa nyuma ya banda? Khaemba akauliza.

Zuleika, aliyekuwa akimimina, akamtupia jicho la haraka, kisha akarudi kwenye kahawa yake.

— Banda gani? akauliza Kufuli.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketi.

— Nasema tu. Kuna mtu ninamjua. Yeye havuti, hajawahi hata sigara. Ana kuku. Kideri kilipita mwezi wa tatu kikamwulia kuku tisa kwa siku nne, wakabaki watano. Basi akaambiwa majani yale yakipondwa yakatiwa kwenye maji ya kuku, kideri hakirudi. Akapanda mti mmoja. Wa kuku tu.

Na hapo hakusema uongo. Kideri kilipopita, mama mkwe wake alikuwa safarini kutoka Bungoma. Aliposhuka kwenye basi Kampala, nyumba nzima haikuwa na kuku wa kuchinja, maana wale watano bado walikuwa wanaumwa, na Nabangala, binti wa Kibukusu, akampikia mama yake mayai. Mayai! Kwa Wabukusu, mgeni wa namna hiyo huchinjiwa kuku. Alikula, akashukuru, akalala, asubuhi akasema anarudi zake. Nabangala alilia wiki nzima, na Khaemba akaapa mbele yake kwamba kuku wa nyumba ile hawatakufa tena. Majani mapya yalipotoka wakaanza kuwapa, na kuku watano walikuwa wameshafika kumi na saba, jogoo wao akiwika kuliko adhana.

— Aliyemwambia hivyo ni mtu mwenye akili, alisema Daktari, na akajigusa kifua, maana ni yeye.

— Lakini sheria inasema matumizi yake mwenyewe, alisema Wakili. Kuku si yeye mwenyewe.

— Kuku ni wake!

— Wake, ndiyo. Lakini je, kuku ni mtu mzima? Sheria inasema mtu mzima.

— Jogoo ni mzima, alisema Daktari.

— Jogoo hana kitambulisho! Mbele ya hakimu utasema nini? Kwamba mheshimiwa, mtumiaji ni huyu hapa, muulizeni? Na je, aliyekula kuku aliyekula bangi, huyo ametumia au hakutumia? Hapo ndipo kesi inapoanza. Hapo mtu anaweza kufungua kesi ya kikatiba.

Walikuwa wamepata utamu sasa. Daktari akasema basi mayai nayo yahesabiwe. Wakili akasema yai ni mzao, mzao una kifungu chake. Daktari akasema anamjua mtu aliyekula mayai ya kuku wa namna hiyo akalala siku mbili akiwa anatabasamu. Khaemba aliwasikiliza, na aliwachukia, kweli aliwachukia, kwa ule utamu. Simu ya Nabangala ilikuwa imeachwa kwa kinyozi ikichajiwa. Kumpigia hakuwezekani. Aliinuka tena.

— Kaa, alisema Kufuli.

Khaemba akakaa. Mtu aliyefungua na kufunga milango ya Luzira miaka ishirini na minane akikwambia kaa, unakaa kwanza, unafikiri baadaye.

— Mimi naona watu ya njaga, hii bangi, mingi kule, alisema Kufuli. Mingi sana. Moja alikuwa na miti mbili tu. Mbili! Hapana uza, hapana vuta. Alisema ni ya ng'ombe, ng'ombe yake alikuwa nakohoa. Aliingia nywele yote nyeusi.

— Akatoka? Khaemba akauliza.

— Mimi nastaafu, naacha yeye pale.

Kahawa ikatokota, Zuleika akaipunguzia moto kwa kuvuta makaa mawili pembeni.

— Kufuli, Khaemba akasema polepole. Siku ile Wakili anasoma, ulikuwepo.

— Nilikuwa.

— Ulijua si kweli?

Kufuli akatazama viatu vyake, vile viatu vyeusi anavyovipiga rangi kila siku mpaka leo.

— Mimi naona ni maneno ya kahawa tu, alisema. Watu nacheka, na mimi nacheka. Sikujua kuna mtu naenda nayo nyumbani.

Sasa wote wakamgeukia Khaemba. Ilikuwa imeeleweka. Daktari akafumba mdomo, na kwa Daktari hilo ni jambo kubwa.

— Khaemba, alisema Wakili. Sikiliza. Mimi nilisoma kilichoandikwa. Sikutunga. Gazeti lilikuwa hapa, wote mliliona.

— Ninalo, alisema Khaemba.

— Unalo?

Alivuta droo ndogo ya cherehani, mle anamoweka vifungo na chaki, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliihifadhi tangu siku ile. Ilikuwa ni ukurasa wa gazeti, au tuseme nusu ukurasa, uliochanwa, wenye madoa ya mafuta ya mandazi, kwa sababu Zuleika hufungia mandazi kwenye magazeti ya zamani, na siku ile Wakili alipomaliza mandazi yake matatu ndipo akaanza kusoma karatasi ya mafuta iliyobaki mkononi. Kiingereza cha mahakamani Khaemba hakijui. Alichojua ni kwamba karatasi ile ndiyo kibali chake, na siku mtu akimwuliza ataitoa. Alikuwa amejiwekea dhamana kwenye droo ya vifungo.

— Soma tena, alisema. Soma juu kabisa. Ni nchi gani?

Wakili akaipokea. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

— Juu pamechanwa.

— Siku ile pia palikuwa pamechanwa?

— Habari inaanzia katikati. Lakini gazeti ni la hapa, Khaemba. La hapa Kampala! Ningedhani vipi kwamba...

— Kipande cha juu nilimfungia mtu mwingine mandazi yake, alisema Zuleika, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mimi huchana mara mbili. Nachana siku zote.

— Kuna picha, alisema Daktari. Tazama picha.

Khaemba aliinyang'anya karatasi. Picha ilikuwepo chini ya doa la mafuta: watu wanashangilia nje ya jengo kubwa, mikono juu, na mbele yao askari wawili wamesimama. Picha hiyo aliiona siku ya kwanza, akafurahi, watu walikuwa na furaha. Hakuwa ameitazama kwa jicho la kazi. Sasa aliitazama kwa jicho la kazi. Alitazama kola. Alitazama mabega, mifuko ya kifuani, namna mkono wa shati ulivyokatwa. Alikuwa ameshona sare miaka kumi na minne. Za shule, za walinzi, na za polisi alizirekebisha kila zilipoletwa zimepasuka kwapani.

— Hawa si wa kwetu, alisema.

— Nani?

— Askari. Mfuko huu haushonwi hapa. Kofia hii haivaliwi hapa. Hii nchi siijui.

Wakili akaichukua tena karatasi, akasogeza macho kwenye mistari ya mwisho, akisoma midomo ikicheza. Halafu midomo ikasimama.

— Sauzi, alisema. Ni Sauzi Afrika. Hapa chini wametaja Pretoria.

Khaemba aliinuka, na safari hii hakuna aliyemshika. Aliruka mfereji, akafika ukingo wa barabara, na hapo akasimama. Geti la mabati lilikuwa wazi. Mbele yake pikipiki ya Mwenyekiti ilikuwa imeegeshwa, haina mtu. Kutoka ndani ya ua jogoo aliwika mara moja, kisha kuku wote wakaanza kupiga kelele pamoja, ile kelele ya kuku mtu mgeni akipita karibu na banda.

— Rudi, Kufuli alisema nyuma yake, kwa upole. Ukikimbia sasa, wanasema umekimbia.

Akarudi. Alikaa mbele ya cherehani yake akaishika kwa mikono miwili. Sketi ya mtoto wa watu ilikuwa bado na pindo nusu. Alitamani kuimalizia, na hakuweza kuona tundu la sindano.

Hazikupita dakika kumi. Walitoka getini wanne kwa mstari. Nabangala mbele, amefunga khanga kiunoni, na kichwani amebeba jerikeni la manjano, na mti umesimama juu yake unatikisika kila anapokanyaga. Walimwambia aubebe mwenyewe. Watu wa stendi ya boda iliyo kando ya barabara wakageuza vichwa mmoja mmoja. Nyuma yake alikuja askari, msichana mwenye daftari, hata miaka thelathini hajafika. Nyuma yake bwana afya. Na mwisho Mwenyekiti, anatazama chini, kama mtu aliyekuja harusini akakuta matanga.

— Khaemba ni nani? askari akauliza.

Benchi ambalo halijawahi kukosa jibu la vita wala la mpira wala la bei ya sukari, lilitazama sigiri.

— Ni mimi, Khaemba alisema. Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa mkewe, akaliteremsha jerikeni kutoka kichwani mwake akaliweka chini. Nimepanda mimi. Huyu mama hajui kitu.

— Usiseme hivyo, Nabangala akasema. Namwagilia kila siku, nitakosaje kujua? Niliwaambia ni dawa ya kuku. Niliwaambia sheria imepita.

— Nyamaza, mama.

— Ulisema imepita!

Machozi yalimtoka hapo, si kwa sauti, yalishuka tu, naye hakuyafuta.

— Khaemba, alisema Mwenyekiti, mimi nilikuja kwa vyoo, ssebo. Choo chenu ni kisafi kuliko vyote. Nilikuwa nimeshaandika kisafi. Huyu bwana afya ndiye alizunguka banda.

Bwana afya akasema alikuwa anatafuta mfereji. Ilikuwa kama wote wawili wanaomba radhi, na hakuna aliyeweza kuurudisha mti ule kwenye mbegu.

Askari alifungua daftari. Hakuwa mkali. Alikuwa na sura ya mtu aliyetaka siku yake iishe kwa vyoo.

— Mama anasema wewe ndiye ulimwambia imeruhusiwa, alisema. Na wewe? Nani alikwambia imeruhusiwa?

Swali lenyewe ndilo hilo. Mtoto wa shule ya msingi angeweza kulijibu.

Khaemba aligeuka akatazama benchi. Hakunyoosha kidole. Aliwatazama tu, mmoja baada ya mwingine, akampa kila mtu nafasi yake. Daktari alikuwa amekumbuka ghafla kufunga mfuko wake wa mizizi, na kamba inamshinda. Wakili alikuwa ametazama ndani ya kikombe. Gazeti alikuwa amelikalia.

Khaemba alingoja. Alingoja kiasi kwamba askari aliinua macho kutoka kwenye daftari.

— Niliona kwenye gazeti, alisema mwishowe.

— Gazeti gani?

— Limepotea.

Askari akaandika. Akamwambia abebe jerikeni, twende kituoni, mama abaki kwanza na nyumba. Khaemba akaliinua akaliweka begani, majani yakamgusa shavu. Akamwambia Nabangala ile sketi ni ya mtoto wa mwalimu, inatakiwa kesho, imebaki pindo. Akamwambia na kuku wapewe maji ya kawaida.

Kufuli ndiye aliyeinuka. Alivua koti lake, lile la kijani analolivaa jua na mvua, akampandishia Khaemba kwenye bega lililokuwa tupu.

— Chukua. Sementi ya kule baridi sana, alisema. Usilale karibu na mlango.

Wakaondoka wakiteremka kuelekea barabara kuu, Khaemba na mti wake mbele, askari nyuma yake. Nabangala alisimama pale pale mpaka walipopotea kwenye kona. Kisha akavuka, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akavuta sketi, akaanza kutafuta tundu la sindano.

Benchini Wakili akakohoa.

— Kisheria, alisema, pale angeweza kukataa kujibu. Ana haki hiyo. Ningekuwa mimi... Akanyoosha kikombe. Zuleika, niongezee.

Zuleika aliliondoa birika kwenye sigiri kwa mikono miwili, maana bado lilikuwa zito, akaliweka chini nyuma ya miguu yake.

— Imekwisha, alisema.